Mche Uliolala Ndani ya Karanga

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Bi Mkubwa na mkwe wake walitandika jamvi barazani. Walimwaga karanga katikati. Kisha walikaa wakitazamana, miguu wameinyoosha, na kazi ikaanza.

Kra. Kra. Kra.

Bi Mkubwa alikuwa na mtindo wake. Alishika karanga, akaminya ncha yake kwa kidole gumba, ganda likafunguka. Punje ziliangukia kwenye ungo, ganda likaruka upande wa pili. Hakutazama mikono yake hata mara moja. Macho yake yalikuwa njiani. Alitaka kujua nani anapita, amevaa nini na anakwenda wapi.

"Yule si ndiye aliyekuletea kitambaa cha suti?" aliuliza siku moja.

"Ndiye," mkwe alijibu. Mkwe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa palepale barazani, na kwa mchana huo aliifunika.

"Amenenepa."

"Mama! Atasikia."

"Asikie. Kunenepa ni tusi? Wewe umeachia suti kidogo kiunoni?"

"Nimeachia."

"Basi mna akili nyote wawili."

Walicheka. Kra. Kra.

Halafu sauti ikakatika.

Mshonaji aliinua macho. Bi Mkubwa alikuwa ameshika karanga moja. Kidole gumba kilikuwa juu yake, lakini hakikuminya. Kilitetemeka tu. Karanga ilimponyoka ikabingirika hadi ukingoni mwa jamvi. Bi Mkubwa akaurudisha mkono upesi, akauficha chini ya kitenge.

"Umeumia, mama?"

"Nani kaumia? Nimechoka kukaa."

Upande wa pili wa ua palikuwa na karakana ya mabati. Mwana wa pekee wa Bi Mkubwa, mume wa mshonaji, alifanya kazi hapo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa mzima ulimwita Cheche. Wengine walisema jina hilo lilitokana na cheche za mashine yake. Mkewe alisema lilitokana na mdomo wake.

Cheche alikuwa amezima mashine ili apumue. Alikuwa ameinua kinyago chake cha kukinga macho. Aliiona karanga ikianguka. Aliuona mkono ukifichwa. Alifungua mdomo aseme neno, na neno lililotoka lilikuwa jingine kabisa.

"Kwa mwendo huo mvua itanyesha, itaacha, itanyesha tena, na nyinyi bado mnabangua!"

Bi Mkubwa alimgeukia. "Mwendo huuhuu ndio uliokulea wewe."

"Nitatengeneza mashine ya kubangua."

"Ya nini? Mimi nimekuwa mzigo?"

"Ya haraka, mama. Siku hizi kila kitu haraka."

Bi Mkubwa aliokota ile karanga ukingoni mwa jamvi akairudisha kwenye rundo. Siku hiyo hakubangua tena.

Karanga zile hazikuwa za kula. Zilikuwa mbegu. Kila mavuno Bi Mkubwa alichagua mashina yaliyozaa vizuri, akaweka karanga zake kando. Zilikuwa fupi, nyekundu kama matofali, na zenye mafuta mengi. Mama yake alimpa mbegu hiyo siku alipoolewa. Hakuna duka lililokuwa nayo. Sasa palibaki gunia moja, bado na maganda yake, na mvua za kupanda zilikuwa karibu. Gunia lile lilikuwa shamba zima la msimu huo. Likiharibika, mbegu yenyewe imekwisha.

Cheche alianza kazi kesho yake. Alikata pipa la chuma katikati, akapata kitu kama mtumbwi. Chini yake aliondoa chuma na kupanga nondo nyembamba zilizobanana, ziwe chekeche. Juu yake aliweka mkono mrefu wa kusukuma mbele na nyuma. Mkono ulishika bamba lenye meno ya chuma. Karanga zingekaa ndani ya pipa. Meno yangezisugua juu ya nondo. Maganda yangepasuka, na punje zingeanguka chini.

Majirani walikuja kutazama.

"Cheche, hiyo ni bembea?"

"Ni bembea ya karanga. Kaa ndani nikubembeze."

Siku ya majaribio kila mmoja alitaka mambo yaende sawa. Hata Bi Mkubwa, pamoja na kununa kwake, alitaka. Kwa hiyo alifanya alichojua. Karanga za kula, zikiwa nyingi, familia ile haikuzibangua kwa vidole. Ilizianika juu ya mabati jua kali, ikazitia kwenye gunia zikiwa bado moto, ikazipiga kwa fimbo. Zikiwa moto maganda hupasuka upesi. Zikipasuka na punje, si neno, maana zinakwenda kusagwa.

"Mashine nayo ni fimbo tu," alisema Bi Mkubwa. Akapima debe moja la mbegu, akalianika juu ya mabati ya karakana tangu asubuhi. Mchana zilikuwa moto hazishikiki.

Cheche alizimwaga ndani ya pipa. Alitemea mate viganja, akashika mkono wa mashine, akasukuma kwa nguvu zake zote.

Garagara-garagara-garagara!

Vumbi lilipanda. Maganda yaliruka. Mtu mmoja alipiga mbinja. Kabla mshonaji hajamaliza kukunja jamvi, debe zima lilikuwa limekwisha. Watu wakapiga makofi. Cheche alifuta jasho akitabasamu mpaka masikioni.

Bi Mkubwa aliinama, akachota kwa ungo, akapepeta. Maganda yaliondoka na upepo. Alitazama kilichobaki. Akapepeta tena, ingawa hapakuwa na cha kupepeta.

Punje zilikuwa zimepasuka katikati. Nyingine zilikuwa zimevuliwa ngozi, nyeupe, zimechubuka. Nyingine zilikuwa chenga. Nzima zilikuwa chache, zimejificha kati ya zilizoharibika.

Makofi yalinyamaza. Majirani walikumbuka kwamba wana kazi kwao.

"Mama, sema kitu," alisema Cheche.

"Niseme nini? Ulitaka haraka. Haraka hii hapa." Alimpa ungo, akaingia ndani.

Asubuhi iliyofuata mshonaji alimkuta mama mkwe wake barazani peke yake. Alikuwa ameweka karanga juu ya jiwe. Alizipasua kwa kuziminya na kisigino cha kiganja, maana kidole gumba kilikataa. Punje zikitoka, alizipanga moja moja kwenye bakuli. Mkono ulikuwa umevimba na kupata wekundu. Punje hazikuwa zimefunika hata kitako cha bakuli.

"Mama, acha nikusaidie."

"Una nguo za watu za kumaliza."

"Nguo zitasubiri."

"Mvua haitasubiri," alisema Bi Mkubwa, akaminya nyingine.

Mshonaji alikaa chini, akabangua naye. Alikaa karibu zaidi kuliko siku nyingine.

Walikuwa hivyo pikipiki ilipoingia uani. Aliyeipanda alikuwa bwana shamba, mtu mnene mwenye kofia ya majani. Pahali pa kuwekea mguu palikuwa pamekatika.

"Cheche! Nimeendesha mguu mmoja hewani kama jogoo tangu darajani. Nichomelee."

"Leo sina mkono mzuri," alisema Cheche. "Naharibu kila ninachogusa."

"Mimi nimekwisha haribika. Wewe choma tu."

Akisubiri, bwana shamba alizunguka ua. Aliiona mashine, akaipapasa huku akitikisa kichwa kwa kuipenda. Kisha akauona ungo uliojaa punje zilizopasuka. Uso wake ulibadilika.

"Hizi ni za kula?"

"Zilikuwa mbegu," alisema Bi Mkubwa kutoka barazani.

"Aa, pole, mama. Pole sana."

"Pole ya nini? Nitazipanda hivyohivyo. Nusu ya punje si itatoa nusu ya shina?" Alisema kwa mzaha, lakini sauti yake haikucheka.

Bwana shamba alivua kofia. Alikuja akaketi kwenye ngazi ya baraza. "Mama, nipe punje moja nzima. Ile uliyobangua kwa mkono."

Bi Mkubwa alimchagulia nzuri. Bwana shamba aliibana kwa kucha, taratibu, mpaka ikagawanyika nusu mbili. Akatoa mfukoni kioo kidogo cha kukuzia, kile anachotazamia wadudu wa mazao.

"Tazama hapa. Kwenye ncha, nusu hizi zinapokutana."

Bi Mkubwa alifumba jicho moja. Aliinamia kioo. Hakuona kitu. Bwana shamba akasogeza kioo karibu kidogo.

Ndipo alipoona.

Ndani ya punje palikuwa na kitu kidogo cheupe, kikubwa kidogo tu kuliko punje ya mtama. Kilikuwa na ncha nene upande mmoja. Upande wa pili kilikuwa na majani. Majani kabisa, yamekunjwa pamoja kama viganja vya mtu anayeomba.

Bi Mkubwa alitazama muda mrefu hadi jicho likatoa machozi. Akabadilisha jicho.

"Ana majani," alisema kwa sauti ndogo. "Hajaona udongo, hajaona maji, tayari ana majani."

"Ndiyo, mama. Huo ndio mche. Ile ncha nene itakuwa mzizi. Hizi nusu mbili kubwa ni chakula chake. Zimejaa mafuta. Anakula hayo mpaka apate nguvu za kujitafutia."

"Miaka yote hii nazishika. Nimezeeka nazo mkononi."

"Mimi nilisoma kwanza vitabuni," alisema bwana shamba. "Nilipomwona kwa macho, nilikosa hamu ya kula karanga wiki nzima."

Mshonaji naye alitazama, akaweka mkono mdomoni. Cheche alikuwa ameacha pikipiki. Alikuja na mikono yake yenye masizi, akapiga magoti kwenye ngazi, akatazama. Yeye aliyejua kuunganisha chuma na chuma hakuwahi kuona kitu kilichounganishwa vizuri namna ile. Hapakuwa na nati wala alama ya moto, na kila kiungo kilikuwa mahali pake.

"Sasa chukua moja ya ungo," alisema bwana shamba.

Cheche alichukua nusu punje, akaiweka chini ya kioo. Pale kwenye ncha palikuwa na kishimo kitupu. Akachukua nyingine. Mche ulikuwapo lakini umekatika shingo. Akachukua nyingine. Kishimo.

Aliweka kioo chini polepole.

"Nimewakata vichwa," alisema.

"Hukujua, nami nimechelewa kuja," bwana shamba alisema. "Lakini gunia lenyewe bado lipo?"

"Lipo," mshonaji alijibu upesi. "Tulitoa debe moja tu."

"Basi tuna kazi. Cheche, mashine yako ni nzuri. Ina makosa ya kurekebishika. Nielezeni mlivyofanya, tangu mwanzo."

Walimweleza. Aliposikia habari ya mabati, aliinua kidole.

"Hapo ni pa kwanza. Karanga iliyokaushwa kwa moto wa bati inakuwa kavu kupita kiasi. Punje inakuwa kama kioo cha dirisha. Ukiigusa, inapasuka. Kwa fimbo na karanga za kula, sawa. Kwa mbegu, hapana."

"Tuzinyunyizie maji kidogo zilainike?" mshonaji aliuliza. "Nimewaona watu wakifanya hivyo."

"Usithubutu! Ukitia maji unaita kuvu. Kuvu la karanga lina sumu inayodhuru ini, na ukipika haiondoki. Anikeni kwenye turubai, tabaka jembamba, pahali penye upepo na jua la asubuhi. Mkizigusa zina joto? Zirudisheni kivulini zipoe mpaka kesho yake. Ndipo mbangue."

"Nitajuaje kwamba zimekauka na hazijapita kiasi?" Cheche aliuliza.

Bwana shamba alimgeukia Bi Mkubwa. "Wewe unajuaje, mama?"

Bi Mkubwa alichukua karanga, akaitikisa karibu na sikio. "Inagonga ndani. Mbichi haigongi, haina sauti." Akaibangua kwa shida, akasugua punje kati ya vidole. "Na ngozi imeshika. Ikibanduka yenyewe kwa kusuguliwa, basi imepita."

"Mmesikia? Mimi nina kipimo cha unyevu cha kuazima ofisini, na sikio lake linafika palepale. Tuje kwenye mashine."

Walikwenda karakana. Bwana shamba alipitisha punje kati ya nondo. Haikupita. Akajaribu nyingine. Ilipita kwa kusukumwa.

"Umeona? Punje ikishatoka kwenye ganda haina mlango wa kutokea. Inabaki ndani inapigwa na meno, na haina kosa lolote. Achanisha nondo. Punje ianguke mara inapozaliwa. Karanga yenye ganda ibaki juu."

Cheche aliguna. "Na meno?"

"Yanakaa chini mno. Nafasi kati ya meno na nondo iwe nyembamba kuliko karanga yenye ganda, lakini pana kuliko punje. Ganda liminywe, punje isiguswe."

"Lakini karanga si saizi moja," mshonaji alisema. "Nikipanua kwa kubwa, ndogo zinapita nzima. Nikibana kwa ndogo, kubwa zinasagika. Ni kama kukata nguo moja kwa mtoto na baba yake."

Bwana shamba alimtazama, akacheka kwa furaha. "Huyu ndiye aliyepaswa kutengeneza mashine! Chagueni kwanza. Chekecheni karanga, kubwa kando, ndogo kando. Bangueni kundi moja, badilisheni nafasi, bangueni la pili."

"Nitaweka bolti na washa, vile vipete vya chuma," alisema Cheche. Macho yake yalianza kurudiwa na uhai. "Nikitaka kupandisha meno naongeza washa. Nikitaka kushusha napunguza."

"Vizuri. Na haya meno yenyewe ni makali. Chuma kitupu na mtoto mwenye majani, wapi na wapi?"

Cheche alipapasa meno. Kwake chuma kilikuwa jibu la kila kitu. Alisimama akifikiri. Ni mshonaji aliyevua ndala yake, akaibonyeza kwa kidole, akaiinua.

"Mpira," alisema. "Tuyavishe mpira. Wa tairi kuukuu. Unaminya lakini haukati."

"Ndilo hilo," bwana shamba alisema.

"Na kipande kikibaki," mshonaji aliendelea, "kuna mdomo wa mtu humu ndani nitauvisha."

Bi Mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya hasikilizi, alicheka mpaka akashika nguzo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya majaribio.

Cheche alichomelea pikipiki, akakataa malipo. Kisha akakivunja kile alichokijenga. Aling'oa nondo akazipanga upya, akipitisha punje katika kila mwanya. Badala ya meno aliweka mbavu pana, butu. Mshonaji alikata mpira wa tairi kwa mkasi wake mkubwa wa zamani, akatoboa matundu, akaushonelea kwenye mbavu kwa waya. Kingo zake zilikuwa nadhifu kuliko kola za shati.

Karanga za jaribio zilianikwa asubuhi, zikaingizwa kivulini, zikalala. Kesho yake Bi Mkubwa alizisikiliza. Alitikisa moja, akatikisa nyingine, akaitikia kwa kichwa. Safari hii hakutoa debe. Alitoa kiganja kimoja tu cha karanga kubwa.

"Nikikupa hizi usikimbie nazo."

"Sikimbii, mama."

Hapakuwa na watu wa kupiga makofi. Cheche alizitia karanga zile, akashika mkono wa mashine, akasukuma. Mkewe akamshika bega.

"Taratibu. Kama unabembeleza mtoto."

Grusu. Grusu. Grusu.

Punje zilidondoka. Watatu wote waliinama. Kadhaa zilikuwa zimepasuka. Cheche aliongeza washa. Wakajaribu kiganja kingine. Sasa karanga nyingi zilibaki na maganda. Akapunguza washa moja nyembamba. Kiganja kingine.

Grusu. Grusu.

Bi Mkubwa alipepeta. Maganda yaliruka yakaelea uani. Ungoni palibaki wekundu mtupu, mviringo, unaong'aa, ngozi zikiwa bado zimeshika. Zilizopasuka zilikuwa moja mbili tu, hawakuhangaika nazo. Karanga chache zilibaki na maganda.

"Hizi nishushe mbavu zimalizike?" Cheche aliuliza.

"Bwana shamba kasema punje isiguswe," mkewe alijibu. "Afadhali zibaki chache tuzirudishe mara ya pili, au mama na mimi tuzimalize jamvini."

Lakini Bi Mkubwa bado hakulifungua gunia. Alichukua punje za mashine akazitia mkononi mwa mkwe wake. Mshonaji alizifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, akakiweka mahali penye joto nyuma ya jiko. Kila asubuhi alikinyunyizia maji. Nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole mbele ya kile kitambaa, kana kwamba kuna mgonjwa.

Asubuhi moja Bi Mkubwa alikifungua mwenyewe.

Punje zilikuwa zimevimba. Kila moja ilikuwa imetoa mkia mweupe, mnene, uliopinda kidogo kuelekea chini. Mzizi. Walioshindwa walikuwa wachache mno. Ile ncha aliyoiona kwenye kioo ilikuwa imeamka.

"Lete gunia," alisema.

Walibangua gunia lote kwa siku chache, kubwa kwanza, ndogo baadaye. Mvua ilikuwa karibu, hivyo mbegu hazikukaa muda mrefu bila maganda. Cheche alisukuma, mkewe alitia karanga kidogo kidogo, pipa lisijae kupita kiasi. Mchana jamvi lilitandikwa kama zamani. Bi Mkubwa alikaa na kuchagua. Nzima upande huu. Zilizopasuka upande ule, zipelekwe mapema kwenye kinu cha mafuta kabla hazijachacha. Zenye kuvu au rangi mbaya zilifukiwa, hata kuku hawakupewa. Kazi hiyo haikutaka kidole gumba. Ilitaka macho, na macho yake, kama mnavyojua, yalikuwa na nafasi pia ya kutazama njiani.

"Yule wa suti kapita tena."

"Amekuja kuichukua. Imemkaa vizuri."

"Si nilikwambia kiunoni?"

Mvua ilikuja. Walipanda. Kisha wakangoja, na kungoja kulikuwa kazi ngumu kuliko zote. Cheche alikwenda shambani kila jioni kabla ya kufunga karakana, akarudi bila kusema kitu. Mpaka siku aliporudi mbio na kofia mkononi.

"Mama, njoo."

Walikwenda wote watatu. Mistari ilikuwa imejichora shambani, kijani, kutoka ukingo hadi ukingo, na mapengo machache tu. Bi Mkubwa alipiga magoti kwenye udongo wenye unyevu. Pale mbele yake ardhi ilikuwa imepasuka kidogo. Nusu mbili za punje zilikuwa zimejitenga, nene, zikisukuma bonge la udongo. Kati yake majani mawili matatu yalikuwa yanajikunjua. Yalikuwa bado na mikunjo.

"Ni yuleyule," alisema Bi Mkubwa. "Yule wa kwenye kioo."

Alinyoosha mkono akaligusa jani kwa upande wa kidole. Mkono ulikuwa umepungua uvimbe. Kidole gumba kilikuwa bado kigumu, lakini hakikutetemeka. Safari hii hakuuficha.

Mshonaji alirudi nyuma hatua chache, akawaacha.

"Basi, mwanangu," Bi Mkubwa alisema bila kuinua kichwa. "Haraka yako imefaa. Nakubali."

Cheche alisimama akiizungusha kofia. Alifungua mdomo kujibu kwa mzaha, na mzaha ulikuwapo tayari ulimini. Aliumeza. Akachuchumaa karibu na mama yake, mpaka mabega yao yakagusana.

"Haikuwa haraka, mama."

"Ilikuwa nini?"

"Siku ile barazani, karanga ilipokuponyoka. Niliuona mkono wako, na niliona ulivyouficha. Sikujua niseme vipi, nikasema ni haraka." Aliiweka kofia chini. "Nilitaka kusema mkono wako unauma, mama, na mimi unaniuma."